Mgao wa Rwamgasa: Dhahabu Ina Wenyewe, Ajali Haina

Huko Rwamgasa, wilayani Geita, mawe yakishapandishwa kutoka duarani, yaani shimoni, hayakosi mwenyewe hata kwa saa moja. Viroba hupangwa mdomoni mwa shimo na kuhesabiwa mbele ya macho ya wote: hivi vya mwenye leseni, hivi vya mwenye duara aliyegharamia matimba, pampu na chakula, hivi vya wachimbaji walioshuka. Viwango hutofautiana kati ya machimbo na machimbo, ila mwenye leseni, ambaye mara nyingi hakutoa hata senti ya kuchimbia, anaweza kuondoka na karibu theluthi. Wapo wanaouona mgao huu kama desturi ya watu wasiojua mikataba. Mimi naona kinyume chake. Mgao ni mkataba, tena mkali, na historia yake inaonyesha jinsi ulivyokua ukigawa faida kwa uangalifu mkubwa huku hasara ya mwili ikiachwa bila mwenyewe.

Geita haikuanza hivyo. Dhahabu ilijulikana huko tangu 1898, enzi za Wajerumani, na mgodi mkubwa wa zama za Waingereza ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi ule ulikuwa na mabaya yake, lakini ulikuwa na mwajiri. Aliyevunjika mguu chini ya ardhi alijua mlango wa kugonga. Ulipofungwa, uchimbaji haukufa, uliingia mikononi mwa watu wenye sururu. Mwaka 1990 Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu yao kwa bei ya kuvutia, na watu wakamiminika. Ndipo Sheria ya Madini ya 1998 ikaleta leseni ndogo ya uchimbaji, kwa Watanzania peke yao. Leseni iliandikwa jina la mtu mmoja au kikundi, lakini juu ya mwamba ule tayari walikuwapo wengine wanaochimba, na kwa siku moja wakageuka wageni pale walipokuwa wakila jasho lao. Mwenye leseni hakuwa na mtaji, akakaribisha wenye maduara. Mwenye duara hakuwa na mishahara, akaahidi viroba. Kila ngazi iliisukumia hatari ngazi ya chini yake, hadi ikamfikia aliye ndani ya shimo, ambaye hana wa kumsukumia.

Duara likiporomoka, jibu huwa tayari: hawa hawakuwa wafanyakazi, walikuwa wabia. Hoja hii inasikika nzuri, ila sheria iliikataa zamani. Sheria ya mikataba ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika hadi nchi ilipopata yake mwaka 1961, ilisema wazi kwamba mtumishi kulipwa sehemu ya faida hakumfanyi kuwa mbia kwa hilo peke yake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inakwenda mbali zaidi: dalili moja tu ikipatikana, kwa mfano mtu kupewa vifaa na mwenzake, au kumtegemea kwa kipato chake, mtu huyo huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mchimbaji anayeshuka kwa kamba ya mwenye duara, akila ugali wa mwenye duara, ana dalili mbili kabla hajagusa jiwe.

Watajibu kwamba wachimbaji wenyewe wanaupenda mgao. Ni kweli, na wana sababu: mshahara haumpi mtu nyumba ya bati kwa wiki moja, mwamba mzuri unaweza. Lakini namna ya kulipwa ni jambo moja na nani abebe ajali ni jambo jingine, na hakuna anayelazimika kuacha viroba ili alindwe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye leseni hayupo shimoni, wala hajui nani kashuka leo. Hapo swali la kumuuliza ni moja: viroba vyake anavijuaje? Mtu wake wa kuhesabu hakosekani mdomoni mwa duara. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, watu watano walitolewa hai kwenye shimo lililoporomoka, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kwa siku zote hizo swali la nani anawajibika lilikuwa limefukiwa pamoja nao.

Baada ya mawe kusagwa kwenye karasha, habari ni ile ile. Unga wa mawe ukishaoshwa mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, mabaki yake, marudio, kwa kawaida hubaki kwa mwenye mwalo, kwa sababu dhahabu iliyosalia bado hutolewa kwa sayanaidi. Zebaki iliyotumika kunasa dhahabu na kubaki ndani ya marudio hayo haidaiwi na yeyote. Watafiti wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa waliopima afya za watu Rwamgasa mwaka 2003 walikuta karibu robo ya wachomaji zebaki wana sumu yake mwilini. Kesi ya nani, dhidi ya nani?

Watetezi wa mgao husema mwisho kwamba biashara ndogo kama hii haiwezi kubeba fidia. Ni kweli kwamba michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, hukokotolewa kwenye mshahara, na anayelipwa kwa viroba hana mshahara wa kukokotoa. Lakini tangu Machi 2019 dhahabu ya wachimbaji wadogo ina soko lake rasmi mjini Geita, na pale mezani, mzani ukishatulia, mrabaha na ada ya ukaguzi hukatwa kabla muuzaji hajashika pesa. Hakuna anayeuliza kama gramu ile ilichimbwa na mbia au mwajiriwa. Mchango wa fidia ungeweza kukatwa kwenye mzani huo huo, na duara ulikotoka mzigo likaandikwa kwenye risiti.