Wimbo wavuma, mfuko mtupu

Wasikilizaji wangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nimeikumbuka methali hiyo nilipokuwa nikisikiliza nyimbo za Queen, lile kundi la Uingereza ambalo mwimbaji wake, Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury.

Wengi hudhani vijana wale walitajirika mara tu walipoanza kuvuma. La hasha! Mwaka 1972 walitia saini mikataba na kampuni ya Trident ya London. Kampuni hiyo ikawa meneja wao, ikawarekodi, tena ikashika na haki za nyimbo zao. Hebu fikirini: anayepaswa kukutetea unapodai pesa ndiye huyo huyo unayemdai!

Mwaka 1974 wimbo wao Killer Queen ulishika nafasi ya pili nchini Uingereza. Wenyewe waliishi kwa mshahara wa paundi 60 kwa wiki. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, alikuwa ameoa na mkewe ana mimba. Akaomba paundi 4,000 za kuanzia kununua nyumba, akanyimwa. Trident nao walikuwa na hoja yao, kwamba wametumia fedha nyingi kuwalea na lazima zirudi kwanza. Kujitoa mwaka 1975 kuliwagharimu vijana paundi 100,000, pamoja na asilimia moja ya mapato ya albamu sita zilizofuata.

Baada ya hapo neno likazuka ndani ya nyumba. Mwaka huo huo ilitoka Bohemian Rhapsody, utunzi wa Mercury. Upande wa pili wa santuri uliwekwa wimbo wa mpiga ngoma, Roger Taylor. Santuri ni moja, kwa hiyo mrabaha wa utunzi ulikuwa sawa kwa pande zote mbili, ingawa wanunuzi walikuwa wakiufuata wimbo wa Mercury. Manung'uniko yakaanza. Miaka ikapita, hadi walipotoa albamu ya The Miracle mwaka 1989, ndipo wakakubaliana kwamba kila wimbo uandikwe umetungwa na Queen, yaani wote wanne. Mercury alipofariki mwaka 1991, kundi lilikuwa bado moja.

Mwaka 2024 iliripotiwa kuwa kampuni ya Sony imekubali kununua haki za nyimbo zao kwa kiasi cha paundi bilioni 1. Mwenye haki mkononi ndiye mwenye cha kuuza.

Nawe kijana unayekwenda studio na gitaa lako begani, soma karatasi kabla ya kushika kalamu. Tafuta mwanasheria asiyelipwa na upande wa pili. Na wewe na wenzako, andikianeni nani atapata nini, mngali mnacheka pamoja.