Kigorowa na Hazina ya Maneno: Habari ya Kuwekwa Wazi kwa Utafiti, 1930–2021

Elimu husimama juu ya miguu miwili: hukumu ya mtaalamu, na ushahidi uliomwongoza kuitoa hukumu hiyo. Kwa muda mrefu hukumu ndiyo iliyochapishwa, na ushahidi ukabaki katika madaftari, masanduku na kanda za sauti ambazo watu hawakupata kuziona. Makala haya yaeleza jinsi ushahidi wa lugha moja ya Tanzania, yaani Kigorowa, ulivyotoka katika hali hiyo ukafikia kuwekwa wazi bila malipo. Kipimo kitakachotumika ni kimoja: mtu akaaye Nakwa, katika mji wa Babati mkoani Manyara, aliweza kupata nini katika kila zama? Kipimo hiki ni cha haki, kwa kuwa maneno yaliyochunguzwa yalitoka katika vinywa vya watu wa nchi hiyo.

Wagorowa, ambao katika vitabu vya zamani huitwa pia Wafiomi, hukaa hasa katika nchi ya Babati na sehemu za Kondoa. Lugha yao si ya Kibantu. Imo katika tawi la kusini la Kikushi, pamoja na Kiiraki, Kialagwa na Kiburunge. Ina sauti ambazo Kiswahili hakina: sauti za kooni, na sauti ambazo pumzi yake hupita kandoni mwa ulimi, zile ambazo katika maandishi ya Kiiraki huandikwa sl na tl. Nomino zake zina jinsi, na jinsi ya umoja huweza kuwa mbali na jinsi ya wingi wa neno lile lile. Kwa hiyo lugha hii ni ya thamani kwa mwanaisimu. Lakini imekaa mahali penye msongamano. Babati ni mji wa njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma; biashara, shule na ofisi zake hutumia Kiswahili, na Kiiraki, lugha ya jirani na ndugu, kimeenea sana. Mtoto wa Kigorowa husikia lugha tatu kabla hajajua kusoma, na ile ya babu yake ndiyo isiyo na kitabu darasani.

Maandishi ya kwanza ya wataalamu juu ya lugha hizi yalikuwa ya Kijerumani. Mwaka 1930 Martin Heepe alichapisha matini za Kifiomi katika jarida la Berlin. Mwaka huo huo Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi yake ya kusanifisha Kiswahili. Yafaa kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Kiswahili kilipewa kamati, kamusi na jarida katika nchi yenyewe. Kigorowa kilipata kurasa chache katika mji wa mbali, katika lugha ambayo wenyeji hawakuisoma. Katika miaka hiyo ya 1930 Paul Berger naye alikusanya matini nyingi za Kiiraki kutoka kwa wasimulizi wa nchi ile. Matini hizo zilichapishwa pamoja mwaka 1998, kwa kazi ya Berger na Roland Kießling. Ilipita miaka sitini, basi, kati ya msimulizi kusema na neno lake kutoka chapani. Yeyote aliyekuwa mtu mzima wakati wa kusimulia, yamkini hakuwa hai tena kukiona kitabu.

Zama za pili zilianza Makerere. Kamati ya Kiswahili ilihamia huko mwaka 1952, na katibu wake, W. H. Whiteley, hakukiangalia Kiswahili peke yake. Mwaka 1953 kitabu chake kidogo juu ya Kiiraki kilichapishwa Kampala, na mwaka 1958 akatoa kingine juu ya aina za maneno ya lugha hiyo. Kazi hii ilifanywa katika Afrika ya Mashariki, na mtu aliyeshughulika na lugha zake kila siku. Hata hivyo nakala zilikuwa chache, na zilikaa katika maktaba za vyuo. Mtu wa Nakwa angalilazimika kwenda Kampala, au kumjua mwenye nakala.

Zama za tatu ni za vitabu vikubwa. Mwaka 1993 sarufi ya Kiiraki ya Maarten Mous ilichapishwa Hamburg. Mwaka 2002 ilifuata kamusi ya Kiiraki na Kiingereza, iliyotungwa na Mous pamoja na Kießling na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu hivi vimekuwa msingi wa yote yaliyoandikwa baadaye, na kushiriki kwa Qorro, mtaalamu wa Kitanzania, ni alama ya mabadiliko makubwa. Lakini bei ya vitabu vya namna hii huwekwa kwa kufikiriwa maktaba za Ulaya, wala si mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi Babati. Tena jambo la msingi lilibaki vile vile. Msomaji alipewa kanuni na mifano michache iliyochaguliwa. Usemi mzima ambao mifano ilitolewa humo hakupewa.

Udhaifu wa hali hii si wa isimu peke yake. Mfano ulio dhahiri kabisa watokana na elimu iliyo mbali na mambo ya lugha, nayo ni uchunguzi wa vitu vya angani visivyotambulikana, ambavyo watu wengi waliviita visahani virukavyo. Afrika ya Mashariki nayo ina habari yake: mwezi wa Februari 1951 waendeshaji wa ndege ya East African Airways, iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa, walieleza kwamba wameona kitu kirefu king'aacho kikiwa juu ya Kilimanjaro. Katika Marekani jeshi la anga lilikusanya taarifa 12,618 za namna hiyo kati ya 1947 na 1969, na 701 katika hizo zilibaki bila kuelezwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, wakiongozwa na Edward Condon, walitoa hukumu kwamba kuzidi kuvichunguza hakungeelekea kuiletea sayansi faida, na mwezi wa Desemba 1969 jeshi likaufunga uchunguzi wake. Hukumu ilitangazwa kote. Lakini watu wasioyaona majalada waliendelea kushuku kwamba wamefichwa jambo, na shuku hiyo haikuweza kuondolewa kwa hukumu nyingine.

Mambo yalibadilika majalada yenyewe yalipofunguliwa. Yale ya jeshi la Marekani yalifunguliwa mwaka 1976 katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, na baadaye yakatiwa katika intaneti. Mwaka 2007 idara ya Ufaransa iitwayo GEIPAN ilianza kuyaweka majalada yake mtandaoni, na Uingereza ikayatoa ya wizara yake ya ulinzi kwa mafungu kati ya 2008 na 2013. Ubishi haukwisha, ila umbo lake liligeuka. Msadiki na mkanushi walipata kusoma karatasi moja, na mwenye dai alitakiwa aonyeshe ukurasa. Faida ya kuweka utafiti wazi ni hiyo: wabishani hupata mahali pamoja pa kusimama. Tena yaonekana kwamba jambo likiwa na shaka zaidi, ndivyo linavyohitaji zaidi kuwa wazi.

Mwanaisimu naye ni shahidi wa jambo ambalo wenzake hawakulisikia. Aandikapo kwamba toni ya neno hupanda mahali fulani, msomaji aliye Leiden au Dar es Salaam hana njia ila kumsadiki. Ni mtu wa Nakwa peke yake awezaye kumsahihisha, na huyo ndiye asiyepewa kitabu. Hapa ndipo ulipokuwa upungufu wa zama tatu zilizotajwa: ushahidi ulifungiwa mbali na mtu mwenye ujuzi wa kuupima.

Njia ya kuuondoa upungufu huo ilifunguliwa kwa mambo matatu yaliyokutana. La kwanza ni fikra. Mwezi wa Februari 2002 kundi la wataalamu lilitangaza Tamko la Budapest, likitaka maandishi ya kitaaluma yasomwe bure na watu wote kwa njia ya intaneti. La pili ni fedha. Mwaka ule ule wa 2002 ulianza mpango wa kugharimia uandishi wa lugha zilizo hatarini, ukiwa katika chuo cha SOAS, London, kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Na pamoja nao ikaundwa hifadhi iitwayo ELAR ya kutunza sauti na picha zilizokusanywa. La tatu ni waya. Mwezi wa Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Tanzania ikaacha kutegemea setilaiti peke yake, ambayo ilikuwa ya ghali na ya polepole.

Matunda ya mambo hayo kwa Kigorowa yalionekana mwaka 2017, wakati Andrew Harvey, aliyekuwa mwanafunzi wa SOAS, alipoweka katika ELAR mkusanyo wake wa lugha na utamaduni wa Wagorowa wa Babati, wenye sauti na picha za mwendo. Mwaka 2018 ilifuata tasnifu yake juu ya nomino ya Kigorowa, ambayo husomwa bure mtandaoni. Mwaka 2021 ELAR ilihamishwa kutoka London hadi Berlin, katika chuo cha taaluma cha Berlin-Brandenburg. Kwa hiyo Kigorowa kimerudi katika mji ule ule ambao matini zake zilichapishwa mwaka 1930, lakini kwa namna nyingine kabisa. Zamani karatasi ilikwenda Berlin ikakaa. Sasa sauti iliyowekwa Berlin yaweza kusikiwa Nakwa kwa simu ya mkononi.

Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Kitabu cha Kijerumani au Kiingereza, hata kikitolewa bure, humtaka msomaji ajue lugha hiyo kwanza. Sauti haina sharti hilo. Bibi asiyejua kusoma aweza kuisikiliza hadithi na kusema kwamba neno hili limeandikwa vibaya, au kwamba wa upande wa pili wa ziwa hulitamka vingine. Kwa mara ya kwanza mwenye lugha amewekwa katika cheo cha mpimaji, wala si mtoa mifano tu. Na mtaalamu mwenye nadharia iliyo kinyume na ya Harvey aweza kuisikiliza sauti ile ile na kuleta hoja yake.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kazi imekwisha. Kwanza, kilicho bure Berlin si bure Babati. Sauti na picha hula vifurushi vya simu, na vifurushi hununuliwa. Pili, mlango wa hifadhi na tasnifu yenyewe vimeandikwa kwa Kiingereza. Atafutaye hadithi ya nchi yake lazima ajue kwanza jina ambalo wageni wameipa. Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo hutoa vibali vya utafiti Tanzania, humtaka mtafiti alete ripoti, na agizo hilo ni jema. Lakini ripoti iliyokaa Dar es Salaam haijafika kijijini.

Tatu, uwazi una mipaka yake. Jalada la kitu cha angani halimwaibishi jirani, lakini mazungumzo ya wazee yaweza kutaja ugomvi wa ukoo, dawa, au ibada isiyosemwa mbele ya kila mtu. Kwa sababu hiyo ELAR iliweka daraja: nyingine wazi kwa kila mtu, nyingine kwa waliojiandikisha, nyingine kwa idhini ya aliyeweka. Daraja hizi ni za busara, mradi aulizwe kwanza mwenye maneno, wala si mtafiti peke yake. Kanuni za CARE, zilizotangazwa mwaka 2019 kwa ajili ya habari za watu wa asili, zasisitiza jambo hilo hilo: faida na mamlaka viwe kwa jamii iliyotoa habari.

Katika hayo yote Kiswahili kina wajibu ambao bado hakijautimiza. Majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamewekwa mtandaoni, na Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, husomwa bure. Lakini Kiswahili ndicho lugha ambayo msemaji wa Kigorowa na mtafiti hukutana nayo. Ndicho kingefaa kuwa lugha ya mlango wa hifadhi, ya maelezo ya kila kanda, na ya muhtasari wa kila tasnifu. Lugha iliyosaidia kuisukuma Kigorowa pembeni ndiyo yenye uwezo wa kuirudisha kwa wenyewe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kigorowa sasa kina daftari, na daftari limefunguliwa. Lililobaki ni liandikwe maelezo yake kwa lugha isomwayo Nakwa, ili mwenye mali aweze kuihesabu mwenyewe.