Kiungani kabla ya Minaki

Minaki, wilayani Kisarawe, inajulikana kwa shule yake ya sekondari. Wenye umri mkubwa watakwambia kuwa kabla serikali haijaichukua ilikuwa shule ya Waanglikana, Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wanaojua kwamba chuo hicho hakikuzaliwa Uzaramo si wengi. Kilihamia pale mwaka 1925 kutoka Kiungani, ufukweni mwa Unguja, kusini kidogo ya mji, na siku kilipovuka bahari tayari kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Karne imetimia tangu uhamisho ule. Minaki ina wa kuisemea. Maelezo haya mafupi ni ya Kiungani.

Chuo hakikuanza kwa mpango wa mtu. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliundwa baada ya David Livingstone kuwahutubia wasomi wa Cambridge mwaka 1857, na shabaha yake ilikuwa nchi za Ziwa Nyasa, si Unguja. Safari ya kwanza iliishia Magomero, kusini ya ziwa hilo, ambako njaa, vita na homa viliwamaliza watu, na Askofu Mackenzie mwenyewe akafa Januari 1862. Mrithi wake, Askofu Tozer, aliona hakuna njia. Akarudi pwani, na mwaka 1864 akatua Unguja pamoja na Edward Steere. Livingstone alikasirika, machoni pake huo ulikuwa woga. Tozer akashika lake: afadhali vijana wa bara wafundishwe kisiwani, kisha warudi makwao kama walimu, kuliko Wazungu kuendelea kwenda kuzikwa huko.

Ila vijana wenyewe hakuwa nao. Aliwapata kwa Sultani Majid, aliyempa wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Hawakuletwa na wazazi, wala hakuna aliyewauliza kama wanataka kusoma. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walifanywa mashemasi wasaidizi mwaka 1870. Mwaka huohuo Farajallah akafa kwa kipindupindu kilichokuwa kikiteketeza Unguja. Swedi alisubiri mpaka 1879 ndipo awe shemasi kamili. Miaka 9 kwa ngazi moja! Maaskofu walipenda kusema kwamba kanisa la Afrika litajengwa na Waafrika, lakini daraja walizitoa kwa mkono mzito.

Manowari za Uingereza zilipozidi kukamata majahazi, watoto wakazidi kufika. Wavulana walipelekwa Kiungani, wasichana Mbweni, mwendo mfupi kwa miguu. Baada ya mkataba wa Juni 1873 dhidi ya biashara ya watumwa, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale palipokuwa soko. Kanisa hilo bado ndilo linaloonyeshwa wageni. Kiungani haina mgeni.

Darasa la Kiungani lilikuwa na Myao, Mmakua, Mnyasa na wengine wengi, kila mmoja na lugha yake, na kwa wengine lugha hiyo ilikuwa imeanza kusahaulika kwa kuwa walikamatwa wadogo. Kiswahili ndicho walichoweza kusikilizana kwacho, basi kikawa lugha ya darasa, ya sala na ya ugomvi wa bwenini. Steere alikuwa amekwishaanza kukichambua, na kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870. Mjini watoto wa vyuo vya Kurani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika babu zao. Watoto wa misheni walikiandika kwa herufi za Kirumi, na wengine walijifunza pia kukichapa.

Mashine ya kuchapa ilikuwa sehemu ya masomo, na kazi yake haikuwa ndogo. Herufi za risasi hupangwa moja moja, zikiwa zimegeuzwa, mstari unasomwa kichwa chini, na kosa moja humlazimu mpangaji kuchomoa na kupanga upya. Halafu Kiswahili kinakula a, k na w kuliko Kiingereza, kwa hiyo kasha la herufi lililojazwa kwa hesabu ya Kiingereza huishiwa na a kabla ukurasa haujaisha. Kijana aliyepitia kazi hiyo hakuhitaji kufundishwa tahajia mara ya pili.

Baadaye alikuja A. C. Madan, na yeye aliwaandikisha wanafunzi insha ambayo sijui kama mwalimu wa leo angethubutu kuitoa: kila mmoja aeleze maisha yake tangu kwao hadi Kiungani. Waliandika kwa Kiswahili. Madan akatafsiri, na kitabu kikatoka London mwaka 1887 kikiwa na jina la Kiungani. Ndani yake mna vita vya kijiji, kuuzwa na kuuzwa tena, safari ya miguu hadi pwani, jahazi, kisha manowari. Hofu moja inajirudia: watoto walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu wanakula watu, hivyo siku ya kuokolewa waliona ndiyo siku ya kufa. Kwa maoni yangu hakuna kilichotoka katika chuo kile chenye thamani kupita insha hizo.

Kazi ya ualimu ilianza mapema, pengine mapema mno. Dallington Maftaa, mmoja wa vijana waliolelewa na misheni Unguja, aliondoka na msafara wa Henry Stanley mwaka 1874. Mwaka uliofuata, Stanley alipotaka kuendelea na safari, Kabaka Mutesa wa Buganda aliomba aachiwe mtu wa kumsomea Maandiko. Akabaki Dallington. Stanley alikwenda zake. Kijana wa Unguja alikuwa Buganda, akisoma na kutafsiri mbele ya mfalme, bila askofu wala mkuu wa chuo karibu. Wamisionari wa Kiingereza walipofika huko mwaka 1877 walikuta kazi imekwishaanza.

Wengine walipelekwa kwenye vituo vya misheni: Magila huko Bonde, Masasi tangu 1876, Newala, na baadaye Likoma katika Ziwa Nyasa. Masasi ilianzishwa na Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, waliivamia, wakachoma na kuchukua mateka. Kuna watu waliotekwa utotoni, wakakombolewa, wakapewa shamba, kisha wakatekwa tena.

Mwalimu aliyepata nafasi kubwa kuliko wote alikuwa Cecil Majaliwa. Alisoma Kiungani, akapelekwa Chuo cha St Augustine, Canterbury, na aliporudi akapewa Chitangali, nchi ya Wayao, ambako chifu Nakaam alibatizwa kwa jina la Barnaba. Mwaka 1890 Majaliwa akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo.

Kufikia wakati huo majahazi ya watumwa yalikuwa yamepungua, na pamoja nayo watoto wasio na kwao. Wanafunzi wapya walitoka shule za misheni za bara, wamechaguliwa, wana baba na mama, na wengine ni watoto wa walimu waliosoma papo hapo. Chuo kikabadilika tabia. Kijana mwenye kwao ana pa kwenda akichoka, na mshahara wa mwalimu wa misheni ulichosha upesi. Serikali ya Kijerumani bara, maduka na forodha vilihitaji makarani wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu, na vililipa zaidi. Misheni ililalamika kwamba inafundisha kwa ajili ya wengine. Ni kweli, lakini sioni kwa nini kijana mwenye mke na watoto alaumiwe kwa kuchagua mshahara.

Frank Weston, aliyefika Unguja mwaka 1898, alikuwa mkuu wa Kiungani tangu 1901 mpaka alipofanywa askofu mwaka 1908. Ni yeye ambaye mwaka 1916 aliongoza wapagazi wa Unguja katika Vita vya Kwanza vya Dunia huko bara, na mwaka 1920 akaandika dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe kuhusu kazi za kulazimishwa. Enzi za Weston mpira wa miguu ulikuwa jambo la kawaida Kiungani. Wavulana wa pale walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuucheza Unguja, na waliporudi bara kufundisha waliondoka nao.

Weston alifariki Novemba 1924. Chuo kikahama mwaka uliofuata. Tanganyika ilikuwa sasa chini ya Waingereza, wanafunzi karibu wote walikuwa wa bara, na kuwavusha bahari ili waje wafundishwe jinsi ya kufundisha kwao hakukuwa na maana tena.

Kilichobaki cha Kiungani kilikuwa katika lugha, na mikononi mwa waliosoma pale. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilichukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamusi zake za mwaka 1939, kazi ya Frederick Johnson, zilijengwa juu ya zile za Madan. Na mwaka 1931 wajumbe watatu Waafrika walitoka Tanganyika kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Wawili waliwakilisha machifu, Makwaia na Lwamgira. Wa tatu alikuwa Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, mtoto wa mwalimu wa misheni, mwanafunzi wa Kiungani, mwanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922. Na yeye aliandika maisha yake, yakachapishwa mwaka 1936 katika kitabu cha Margery Perham. Safari hii aliandika kwa Kiingereza chake mwenyewe, na jina lake likawekwa juu.