Namna ya kupanga picha ya michezo ya zamani kwenye kompyuta

WENGI wanaoweka kwenye kompyuta programu ya kuigiza mashine za zamani za michezo ya video, maarufu kama emuleta, huanza kwa kuitanua picha hadi ijaze kioo chote. Hapo ndipo mchezo unapoharibika: duara hugeuka yai, na mhusika mwembamba huonekana amenenepa.

Chanzo ni umbo la televisheni. Super Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japan mwaka 1990 kwa jina la Super Famicom, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za chogo, ambazo upana na kimo chake vilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3. Vioo vingi vya sasa ni 16 kwa 9. Hivyo, katika mpangilio wa picha uchaguliwe uwiano wa 4:3, na mapengo meusi ya pembeni yavumiliwe.

Suala gumu zaidi ni ukuzaji wa zile nukta za picha, yaani pikseli. Picha ya kawaida ya Super Nintendo ina pikseli 256 kwa upana na mistari 224 kwa kimo. Ili ijaze kioo chenye mistari 1,080, kila mstari unapaswa kukuzwa takriban mara 4.82. Kwa kuwa kioo hakiwezi kuigawa pikseli yake, baadhi ya mistari hupata unene wa pikseli nne na mingine mitano, na picha inaposogea juu au chini huonekana kama inatetemeka.

Dawa ni kukuza kwa namba kamili. Katika programu ya RetroArch, mpangilio huo huitwa "Integer Scale". Mistari 224 ikikuzwa mara nne huwa 896, na hubaki pengo la pikseli 92 juu na 92 chini. Asiyelipenda pengo hilo anaweza kuwasha ulainishaji wa picha, ambao huficha kasoro lakini huacha ukungu.

Wapo wanaoamini kuwa picha yenye kila pikseli bayana ndiyo halisi. Si lazima. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog, mchezo wa Mega Drive wa mwaka 1991, yalichorwa kwa mistari ya wima iliyopishana. Televisheni za chogo, kwa waya wa kawaida wa picha, ziliichanganya mistari hiyo hadi maji yakaonekana kupenya nuru. Kwenye kioo cha kisasa yanafanana na uzio. Emuleta nyingi zina vichujio vinavyoigiza televisheni hizo pamoja na waya wake, ingawa baadhi huilemea kompyuta dhaifu.

Kuhusu kasi, mchezo ukionekana mzito, kompyuta isilaumiwe kabla ya kuangalia toleo. Mashine zilizouzwa Ulaya zilifuata mfumo wa PAL, uliotumika pia Tanzania na Kenya, na zilitoa picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japan na Marekani. Michezo ambayo haikurekebishwa ilipungua kasi kwa takriban asilimia 17, na Sonic huyo alikuwa miongoni mwake. Toleo la Marekani huenda kwa kasi iliyokusudiwa.

Picha ikionekana kukatika katikati, iwashwe "V-Sync".