Springi Iliyobanwa Haisahau: Kutoka kwa Hooke hadi Gereji za Lukole

Ndugu msomaji, kama umeshaishika ile nati ya juu ya shokapu ya gari yako, weka spana chini kwanza. Soma hii, ni dakika chache tu. Nati itakusubiri.

Tuanzie Lukole, wilayani Ngara. Wengi wanaijua kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyokuwa na watu zaidi ya 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kufungwa mwaka 2008. Si mbali na hapo ni Benaco. Huko ndiko walikokaa Wanyarwanda waliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya 200,000 ndani ya saa 24 hivi. Umati kama huo haulishwi kwa baiskeli. Chakula, mahema na dawa vilipita barabara za vumbi jekundu kwa malori na Land Cruiser.

Sasa chungulia chini ya malori yale. Springi zake ni za bapa: pau za chuma zilizopinda kidogo, zikapangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa bolti. Ni teknolojia ya zamani, ya tangu enzi za magari ya farasi, na hata Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa nayo. Land Cruiser za kazi za miaka ile nazo zilikuwa na bapa mbele na nyuma. Uzuri wake kwa fundi ni huu: ukiinua gari kwa jeki na ekseli ikaning'inia, ile bapa inapumzika. Nguvu karibu yote imeisha. Unafungua bolti zako, kazi inaendelea.

Fundi aliyejifunzia hapo anajenga tabia moja: ukishainua gari, springi imelala. Shida ni kwamba kwenye gari ndogo za leo, haijalala.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1676 Robert Hooke, mwanasayansi wa London, alificha ugunduzi wake kwenye herufi zilizovurugwa ili asiibiwe. Miaka miwili baadaye akafichua siri: springi ikivutwa au kubanwa mara mbili zaidi, nguvu yake nayo inakuwa mara mbili. Rahisi, eti? Lakini nishati inayowekwa humo haifuati hesabu hiyo. Ukibana mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Ukibana mara tatu, mara tisa.

Kwa muda mrefu kanuni hiyo haikumtishia sana fundi wa magari. Kilichobadilisha mambo ni mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Yeye aliunganisha shokapu na springi ya kuzunguka vikawa kitu kimoja, mguu mmoja uliosimama kwenye kila gurudumu la mbele. Ford ilionyesha Consul na Zephyr zenye mfumo huo London mwaka 1950. Ulikuwa na vipande vichache, ulichukua nafasi ndogo na gharama yake ilikuwa nafuu, kwa hiyo ukaenea. Ndio ulioko mbele ya Probox na saluni nyingi za Kijapani zilizotumika, hizi tunazozipanda kila siku.

Tofautisha na Range Rover ya mwaka 1970. Nayo ilikuwa na springi za kuzunguka, lakini springi haikuunganishwa na shokapu kuwa kitu kimoja. Unashusha ekseli taratibu kwa jeki, springi inalegea. Kwa MacPherson njia hiyo haipo. Hata ukiutoa mguu mzima na kuulaza mezani, springi bado imebanwa, na inayoizuia ni ile nati moja ya juu. Hapo ndipo kifaa cha kubana springi kinapokuwa cha lazima.

Tupige hesabu. Tuchukue springi ambayo kila sentimita ya kuibana inadai nyutoni 250. Ibane sentimita 12: nguvu ni nyutoni 3,000, sawa na uzito wa kilo 300 hivi. Nishati iliyolala humo ni juli 180. Ikiachiwa ghafla na yote ikamwendea kipande cha chuma cha kilo 1, kipande hicho kitaruka kilomita 68 kwa saa. Na kumbuka uso wako uko juu yake, maana unachungulia nati.

Ndiyo maana waya, kamba au mnyororo wa pikipiki si mbadala. Havina kipimo, na vikikatika havikuonyi.

Basi uchague kipi? Kwa nyumbani, cha kawaida ni jozi ya fito zenye meno ya skrubu, kila moja na kulabu mbili. Meno yake yakiwa mazuri, msuguano unaishikilia springi hata ukiachia spana. Kabla ya kulipa, kagua haya. Kulabu ziwe pana za kukumbatia unene wa springi yako, na ziwe na pini ya kuzuia zisichomoke. Uzito unaoruhusiwa uwe umeandikwa. Meno yasiwe yamelika wala fito kupinda. Cha kukodi au kuazima kikague mara mbili. Kama gereji ya jirani ina mashine ya kubana iliyofungwa ukutani au sakafuni, yaani yenye kushika springi kwa taya zake, wapelekee mguu wako huko. Ni salama zaidi.

Wakati wa kazi, futa vumbi kwenye meno, maana vumbi la Ngara ni kama msasa, kisha paka grisi. Weka fito mbili zikitazamana sawasawa. Zungusha hii kidogo, kisha ile kidogo, la sivyo springi itapinda na kuruka pembeni. Tumia spana ya mkono, si ya upepo. Nati ya juu usiiguse mpaka springi icheze yenyewe kwenye kiti chake. Na ncha za mguu zisielekee kwako wala kwa mtoto anayekuangalia.

Fundi mzoefu wa malori anaweza kukuambia, "Mimi nimefungua springi miaka 20, sijawahi kuumia." Anasema kweli. Mheshimu, mpe maji ya kunywa, halafu muulize: zilikuwa za bapa au za kuzunguka? Uzoefu wake ni halali, ila ni wa springi nyingine.