Utambuzi wa hitilafu za injini ya pikipiki kuukuu

Utambuzi wa hitilafu za injini ya pikipiki kuukuu ni kazi ya kutafuta chanzo cha kasoro katika injini ya pikipiki iliyotumika miaka mingi, kabla ya kuifungua injini yenyewe au kununua spea. Makala hii inahusu hasa injini ndogo ya silinda moja na mipigo minne, inayopozwa kwa hewa na kupata petroli kupitia kabureta. Injini ya aina hiyo haina kompyuta inayoweza kutoa taarifa za hitilafu. Fundi hutegemea macho, masikio na pua, pamoja na vifaa vichache kama spana ya plagi, bisibisi, fila ya kupimia nafasi na mita ya umeme.

Mfano unaojulikana sana ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970 kwa kulenga nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na hupata matunzo kidogo. Silinda yake ina kipenyo cha mm 56.5, pistoni husafiri mm 49.5, na ujazo ni cc 124. Vali zake husukumwa na vijiti virefu kutoka kwenye kamshafti iliyo chini, hivyo haina mnyororo wa taimingi. Viwanda vya China viliuiga muundo huo kwa wingi, na pikipiki nyingi za bodaboda katika Afrika ya Mashariki zina injini za ukoo huu.

Utaratibu

Ili iwake, injini ya petroli inahitaji mchanganyiko wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Ikikosa kimoja haiwaki. Kimoja kikiwa dhaifu, inawaka kwa shida au inakosa nguvu. Uchunguzi huanza na vitu vya nje visivyo na gharama na kuishia ndani ya injini.

Kosa la kawaida gereji ni kuanza na la mwisho. Pikipiki ikikosa nguvu, kichwa cha silinda hufunguliwa na ringi hubadilishwa, kumbe tatizo lilikuwa chujio la hewa lililoziba kwa vumbi. Kufungua bila sababu kuna hasara yake: gasketi hutakiwa mpya, nyuzi za bolti katika alumini iliyochakaa huvulika, na mchanga huingia mahali ambapo haukuwapo. Kwa dereva wa bodaboda, hasa anayelipa hesabu ya siku kwa mwenye chombo, pikipiki iliyolala gereji ni deni.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi mzuri huwa kwa mwenye pikipiki: ilizimaje? Injini iliyokatika ghafla, kama taa iliyozimwa, mara nyingi ina tatizo la umeme. Iliyoanza kusitasita na kupungua nguvu taratibu hadi ikazima mara nyingi imekosa petroli. Inafaa pia kujua kama huzima ikiwa baridi au ya moto, kama ilinyeshewa au kuoshwa, na ni kitu gani kilichotengenezwa mara ya mwisho, kwani hitilafu nyingi huzaliwa na matengenezo yaliyotangulia.

Petroli na hewa

Kwanza hutazamwa kama tangi lina petroli na koki imefunguliwa. Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini imeokoa wengi. Kisha mpira unaokwenda kwenye kabureta huchomolewa na petroli kukingwa katika chupa: ikidondoka tu badala ya kutiririka, koki au chujio vimeziba kwa kutu ya tangi.

Kuna hitilafu moja inayowapotosha hata mafundi wazoefu. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingiza hewa. Tundu hilo likiziba kwa matope, hewa haiwezi kuingia kuchukua nafasi ya petroli inayotoka, na baada ya kilomita kadhaa injini huzima. Dereva akisimama kwa dakika chache, hewa hupenya taratibu na pikipiki huwaka tena kana kwamba haikuwa na tatizo. Kipimo chake ni kufungua kifuniko mara tu injini inapozima. Ukisikika mvumo wa hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka papo hapo, chanzo kimejulikana.

Bakuli la kabureta lina skrubu ya kumwagia. Petroli inayotoka hapo hukingwa katika chombo cha kioo: maji, yakiwamo, hutuama chini kama shanga. Pikipiki iliyokaa miezi bila kuwashwa huacha utando wa gundi ndani ya kabureta, na jeti ya mwendo wa chini, yenye tundu jembamba kuliko zote, ndiyo huziba mapema. Dalili yake ni injini inayowaka kwa choki peke yake na kuzima choki inaporudishwa. Jeti husafishwa kwa petroli na hewa ya pampu. Kuichokoa kwa waya mgumu hupanua tundu, na baada ya hapo kabureta haikai sawa tena.

Hewa inayoingia pasipotakiwa, hasa kwenye mpira kati ya kabureta na injini, hufanya silensa ipande na kushuka yenyewe. Mpira wa zamani hupasuka kwa upande wa chini usioonekana. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huleta ugumu wa kuwaka, moshi na mlio wa kugonga wakati wa kupanda mlima. Udanganyifu huo ni tatizo la kweli kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida.

Cheche

Plagi hufunguliwa, huchomekwa tena kwenye kofia yake, na chuma chake huegemezwa kwenye injini, mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke wa petroli hutoka hapo na unaweza kushika moto. Kiki ikipigwa, cheche nzuri huwa ya buluu na hutoa mlio. Ya manjano au nyekundu ni dhaifu. Chuma cha plagi kisiachwe kikining'inia hewani bila kugusa injini: katika pikipiki zenye CDI jambo hilo linaweza kuharibu koili au CDI yenyewe, na hitilafu ndogo ikawa ya gharama.

Pasipo cheche, hujaribiwa kwanza plagi nyingine, kisha kofia yake, halafu swichi ya kuzimia, ambayo waya wake huchubuka karibu na usukani na kugusa fremu. Pikipiki za zamani zaidi hutumia platini badala ya CDI. Platini huungua usoni na nafasi yake hubadilika, na hiyo huharibu pia wakati wa cheche. Koili inayozeeka ina tabia yake: hufanya kazi ikiwa baridi na kufa ikipata moto. Dalili hii hufanana na ile ya kifuniko cha tangi, na njia ya kuzitenganisha ni kupima cheche palepale pikipiki inapozima, kabla haijapoa.

Rangi ya plagi baada ya safari ni taarifa bora isiyo na gharama. Kahawia hafifu ni hali njema. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo. Weusi wenye mafuta ni oili inayoingia katika silinda. Nyeupe yenye dalili za kuungua ni hatari, kwani injini inapata petroli kidogo na joto jingi, na huweza kutoboa pistoni. Plagi iliyolowa petroli yamaanisha petroli inafika lakini haichomwi.

Mgandamizo

Cheche na petroli vikiwa sawa, ndipo hupimwa mgandamizo. Kwa makadirio, kidole gumba huzibishwa kwenye tundu la plagi wakati kiki inapigwa. Injini nzima hukisukuma kwa nguvu. Geji hutoa jibu bora zaidi, na wakati wa kupima eksileta hufunguliwa yote. Kipimo kikiwa chini, kijiko kimoja cha oili humiminwa ndani ya silinda na kipimo hurudiwa. Kikipanda sana, ringi au silinda zimelika, kwa kuwa oili imeziba mwanya wao. Kisipopanda, hewa inavuja kwenye vali au gasketi ya kichwa.

Hata hapo si wakati wa kufungua kichwa. Nafasi za vali hupimwa kwanza, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu mwishoni mwa mpigo wa mgandamizo. Katika pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni kati ya mm 0.05 na 0.10, na kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye kauli. Vali inapolika kwenye kiti chake nafasi hupungua, hadi vali haifungi kabisa injini ikipata moto. Pikipiki hiyo huwaka vizuri asubuhi na kugoma mchana. Kwa kuwa tapeti zilizobana hazipigi kelele, mwenye pikipiki hudhani injini yake ni nzuri kuliko ya jirani inayogonga kidogo. Kinyume chake ndicho kweli mara nyingi, na tiba ni dakika chache za spana na fila.

Moshi na sauti

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka wakati wa kuwasha tu, au eksileta inapofunguliwa baada ya kushuka mlima, hushukiwa sili na gaidi za vali. Ukitoka mfululizo injini inapovuta mzigo, hushukiwa ringi. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Mweupe wa asubuhi ya baridi ni mvuke wa maji, nao hupotea bomba likipata joto.

Mgongo mwepesi juu ya injini hutoka kwenye vali, na pikipiki inaweza kuendelea na safari. Mgongo mzito kutoka chini, unaozidi mzigo unapoongezeka, ni wa beringi ya konrodi. Huyo injini huzimwa na kusukumwa, kwani konrodi ikikatika hutoboa nyumba ya injini. Oili humwagwa na sumaku kupitishwa ndani yake: vipande vinavyonata ni vya gia au beringi, na unga mweupe unaong'aa usionata kwa kawaida ni alumini ya pistoni.