Keki iliyoandikwa mwaka 1538

Mwezi Machi mwaka 1538, Thomas Howard, Duke wa Norfolk, alimwandikia barua Thomas Cromwell, waziri mwenye nguvu kuliko wote katika utawala wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Humo aliandika kwamba mtu hawezi kuwa na keki yake na pia akaila keki yake. Katika maandishi yanayojulikana, barua hiyo ndiyo ya kwanza kuwa na msemo ambao Waingereza wanautumia hadi leo.

Keki ya enzi hizo haikuwa hii yetu ya harusi. Ilikuwa mkate mdogo wa mviringo, bapa, uliogeuzwa wakati wa kuokwa ili ukauke pande zote mbili. Ukiuweka, unao; ukiula, umekwisha. Sisi tuna fisi aliyeshindwa na njia mbili, lakini kosa la fisi lilikuwa kushindwa kuchagua. Mwingereza anazungumzia kitu kinachokwisha kwa kutumiwa, na aliyekitumia bado anakidai.

Walioandikiana barua ile walikuwa mahasimu. Juni 1540 Norfolk alikuwa mstari wa mbele Cromwell alipokamatwa katika kikao cha baraza la mfalme. Julai 28 Cromwell akakatwa kichwa, na siku hiyohiyo Henry akamwoa Catherine Howard, binti wa nduguye Norfolk.

Miaka minane baada ya barua, mwaka 1546, John Heywood alichapa kitabu chake cha methali za Kiingereza. Yeye aliugeuza msemo: akaanza na kula, akamalizia na kuwa nayo. Mpangilio wake ndio ulioshika. Jonathan Swift aliutumia mwaka 1738 katika kitabu chake cha mazungumzo ya watu wa heshima, na kwa muda mrefu waandishi wengi walimfuata Heywood. Ni katika karne ya 20 tu ambapo mpangilio wa Norfolk ulirudi kwa nguvu na kuupiku ule mwingine.

Kwa maoni yangu, Heywood ndiye aliyepatia. Kuwa na keki kisha kuila ni jambo la kila siku. Hakuna anayekula asichokuwa nacho. Lisilowezekana ni kuila kwanza, halafu ukabaki nayo.

Tofauti hiyo ndogo iliingia katika upelelezi wa jinai. Tangu 1978 Marekani ilisumbuliwa na mtu asiyejulikana aliyetuma mabomu, mengi kwa njia ya posta. Aliua watu 3 na kujeruhi 23. Septemba 1995 gazeti la Washington Post lilichapisha andiko lake la maneno takriban 35,000 dhidi ya jamii ya viwanda. Ndani yake msemo wa keki ulikuwa katika mpangilio wa zamani, kula kwanza, mpangilio ambao Wamarekani wengi walikuwa wameuacha. David Kaczynski alihisi kwamba maandishi yale yanafanana na ya kaka yake Ted, aliyewahi kufundisha hisabati Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wapelelezi walipolinganisha andiko na barua za Ted, waliukuta msemo uleule, kwa mpangilio uleule. Haukuwa ushahidi pekee, lakini ulikuwa miongoni mwa ulinganisho wa lugha uliowezesha kupatikana kwa kibali cha upekuzi. Ted Kaczynski alikamatwa Aprili 3, 1996, katika kibanda chake cha mbao huko Montana.

Miaka 20 baadaye keki ilihamia kwenye siasa za Ulaya. Waingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya Juni 2016, na Boris Johnson, waziri wa mambo ya nje, akatangaza kuwa sera yao ni kuwa na keki na kuila pia. Oktoba mwaka huo Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, aliwajibu wenye fikra hiyo akiwa Brussels: nunueni keki, ileni, kisha mtazame kama bado iko kwenye sahani. Tusk, ambaye lugha yake ya kuzaliwa ni Kipolandi, aliuelewa msemo huo kama Heywood.

Walimu wetu wa Kiingereza, mnapoufundisha msemo huu anzeni na kula. Mwanafunzi ataelewa papo hapo kwa nini jambo lenyewe haliwezekani.